Sababu ya Kuuza Gari

Leominster,
4 Machi 2003

Kwako Bibi Tranter,

Hunijui, na huenda ukadhani nauza madirisha. Siuzi kitu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na tangu mwaka juzi ndimi mwenye lile gari aina ya MG, la kijani, la viti viwili, la mwaka 1964. Kitabu chake cha zamani cha usajili kinaonyesha kwamba kuanzia 1966 hadi Juni 1974 ilikuwa mali ya Bwana Clifford Tranter wa Church Stretton. Nilipopiga simu posta ya huko kuulizia, bibi wa dirishani akaniambia mpo bado, nyumba ileile, mlango uleule. Nusura nimbusu kupitia simu.

Sisi wenye magari ya zamani tuna ugonjwa wetu. Gari halitoshi, tunataka na wasifu wake. Kila moja lina faili, na ndani ya faili tunaweka risiti za miaka arobaini, picha, barua, majina ya mafundi waliokwisha kufa. Faili langu lina unene wa tofali na bado nalihangaikia. Mke wangu Glenys anasema nikifa atanizika nalo ili apate nafasi kabatini.

Tatizo ni miaka yenu minane. Hapo faili langu ni tupu kabisa. Najua tu kwamba Bwana Tranter alikuwa mwanachama wa klabu ya rali za Jumapili ya bonde la Teme, kwa sababu magazeti yote ya klabu hiyo ninayo, nimeyapanga kwa mwezi, na jina lake limo kwenye matokeo. Mwaka 1970 alishika nafasi ya tatu. Hongera, ingawa nimechelewa.

Naambatisha karatasi yenye maswali kumi. Mengine ni ya kitoto, kama rangi ya zulia na kama redio ilikuwepo. Lakini nakuomba usiliruke la saba: sababu ya kuuza gari. Watu hulijibu kwa neno moja, nami nalipenda kuliko yote, maana hakuna anayeuza gari kama hili bila jambo zito.

Wako,
Howard Pugh


Church Stretton,
11 Machi 2003

Bwana Pugh,

Karatasi yako nimeijaza, hiyo hapo. Zulia lilikuwa jeusi. Redio haikuwepo, Clifford alisema injini ndiyo redio. Lile kovu kwenye mlango wa kushoto unalouliza ni la geti letu wenyewe, na sikuligonga mimi hata kama umesikia vingine.

Clifford hawezi kukujibu mwenyewe. Yuko nyumba ya wazee hapa mtaani, huu mwaka wa pili. Mwili mzima, akili imemtoroka. Leo asubuhi hakukumbuka kama amekunywa chai, na kikombe kilikuwa mkononi. Naenda kila siku saa tano, nampelekea sandwichi zake za mayai na tango, nakata kingo za mkate kama apendavyo. Muuguzi ananiambia, "Muriel, wewe ni mke wa kizamani, siku hizi hawatengenezwi tena." Nacheka tu.

Sasa hilo swali lako la saba. Niliandika neno moja, nikalifuta, nikaona afadhali nikueleze.

Unazijua rali za Jumapili kuliko mimi. Dereva mmoja, msoma ramani mmoja, bahasha ya maelekezo ya njia inafunguliwa pale mnapoanzia, mkiwahi mnakatwa alama, mkichelewa mnakatwa alama. Basi mimi nikisoma kitu chochote ndani ya gari linalokwenda, natapika. Mara ya kwanza nilitapika kwenye ramani. Mara ya pili nilitapika kwenye goti la Clifford. Mara ya tatu klabu ikamtafutia msoma ramani, Bi. Audrey Beddoes, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwerevu, mpole, mwenye miguu mirefu ambayo sikujua inaingiaje mle ndani. Hakuna aliyeona ajabu. Nusu ya wanaume wa klabu walikuwa na wasoma ramani wasio wake zao. Audrey alikuwa kama mtu wa nyumbani, Krismasi alikula kwetu. Jumapili asubuhi nilikuwa nafunga sandwichi za watu wawili, chupa ya chai na keki ya plamu, nasimama getini nawapungia. Halafu narudi ndani kusikiliza saa.

Nilivumilia miaka minane. Audrey akapata kazi New Zealand, nikamfumia sweta la kuaga. Nikafikiri: sasa kiti kiko wazi. Nikamwambia Clifford jikoni, nikiwa na sabuni mikononi, "Huwezi kunipa hata Jumapili moja kwa mwezi? Tukaenda polepole tu, bila ramani, kama mtu na mkewe?" Wiki iliyofuata gari halikuwepo. Alikuwa ameliuza.

Nililia, Bwana Pugh. Nilimwomba nusu kikombe, akanipa kisima kizima. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa nyumbani Jumapili, kwenye kiti chake dirishani, akiangalia barabara, nami nikijua ni kwa ajili yangu. Miaka ishirini na tisa nimejitahidi kumlipa. Sijawahi kumnyima kitu wala kumjibu vibaya.

Kwa hiyo andika: mume alimpa mkewe Jumapili zake.

Nina ombi. Kitu kimoja hakijamtoroka, ni gari hilo. Kila siku ananiuliza, "Jumapili ni lini? Gari lina mafuta?" Kama ungeweza kulileta siku moja alione, nami nikaketi naye ndani yake dakika chache, hata likiwa limesimama. Sijawahi kwenda nalo popote tukiwa wawili. Nimeona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Muriel Tranter


Leominster,
20 Machi 2003

Mpendwa Bibi Tranter,

Barua yako nilimsomea Glenys mezani, akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha. Bila shaka nitalileta gari! Na si la kusimama. Hewa ikianza kuwa na joto tutalifungua paa, mtakwenda nalo vilimani mkitaka.

Sasa sikia bahati. Wiki hii fundi wa viti alivua ngozi ya kiti cha abiria, na chini kabisa, kati ya sponji na mbao, akakuta bahasha imebanwa. Ndani mna kadi za njia, za miaka yenu! Karibu nimzimie fundi wa watu. Kadi kumi na nne, zimeandikwa kwa mkono, mwandiko mzuri wa mwalimu: toka Craven Arms, daraja la mawe kushoto, kanisa lenye saa iliyosimama kulia, na kadhalika. Kila moja ina tarehe.

Lakini zimenitatiza, na ndipo nahitaji msaada wako. Kadi za rali hupigwa chapa na kugongwa mhuri wa klabu. Hizi hazina mhuri. Nimelinganisha tarehe zake na magazeti ya klabu, moja baada ya nyingine. Zote ni Jumapili, kuanzia Aprili 1971 hadi Mei 1974, na katika Jumapili hizo zote kumi na nne klabu haikuwa na rali yoyote. Tena ajabu ni kwamba kadi zote zinafika mahali pamoja: geti jeupe juu ya Clun. Mstari wa mwisho wa kila kadi ni uleule, "Simama. Tumefika."

Je, palikuwa na klabu nyingine iliyojitenga? Nimewahi kusikia minong'ono ya uasi mwaka 1971 kuhusu viingilio. Kama unamkumbuka aliyeandaa safari hizo, utakuwa umejaza pengo ambalo hakuna mtu mwingine nchini anayeweza kulijaza.

Kwa furaha kubwa,
Howard Pugh


Church Stretton,
24 Machi 2003

Bwana Pugh,

Tarehe 5 Novemba 1972 imo?

M. Tranter


Leominster,
28 Machi 2003

Mpendwa Bibi Tranter,

Tarehe hiyo haimo. Nimetazama mara mbili.

Naona niliandika kwa haraka barua iliyopita. Nilipozihesabu tena nimepata kadi kumi na moja, na mzee mmoja wa klabu amenieleza kwamba wasoma ramani wazuri walikuwa na desturi ya kufanya mazoezi. Wanachagua sehemu moja wanaifikia kwa njia mbalimbali ili kunoa macho. Ni jambo la kawaida kabisa. Nimeona aibu kukusumbua na upuuzi huo.

Kuhusu kulileta gari, taja siku yoyote.

Wako,
Howard Pugh


Leominster,
2 Aprili 2003

Bi. Muriel,

Mimi ni Glenys, mke wa Howard. Hajui kama nakuandikia, na akijua atanuna mpaka Pasaka, lakini naijua dawa yake.

Mwenzangu, huyu bwana wangu hajui kudanganya. Akidanganya masikio yanakuwa mekundu, na tangu wiki iliyopita anatembea nyumbani kama amepikwa. Kadi ni kumi na nne. Tarehe 5 Novemba 1972 imo, nimeishika kwa mkono wangu huu. Hakuna mzee wa klabu aliyempa maelezo. Ameyatunga mwenyewe kwenye choo cha nje, nilimsikia akiyafanyia mazoezi.

Usimchukie. Alipoandika ile barua ya klabu ya waasi alikuwa anaamini kila neno. Mtu mwingine angeona kadi kumi na nne za mahali pamoja akaelewa kabla hajamaliza kuhesabu. Howard aliona upungufu wa mihuri. Ni mimi niliyemwambia, baada ya barua kwenda posta, "We Howard, hivi una akili? Unamuuliza mke wa mtu ni nani aliyeandaa?" Akakaa kwenye ngazi. Hakula.

Alitaka kuzichoma tatu, hiyo ya Novemba, nyingine ambayo ina jani la kangaga limekaushwa ndani, na ya mwisho, ya tarehe 12 Mei 1974, kwa sababu ina maandishi nyuma. Nimemnyang'anya. Nimejiuliza siku nne kama nikutumie. Nikajiambia, ningekuwa mimi ningetaka kujua, na ningemchukia zaidi anayenihurumia. Kama nimekosea nisamehe.

Mbili nimezibana humu, ya Novemba na ya mwisho. Zile nyingine anazo yeye.

Glenys Pugh


Leominster,
9 Mei 2003

Mpendwa Bibi Tranter,

Wiki tano zimepita na hujaandika. Glenys ameniambia alichofanya. Tumegombana, tukapatana, tukagombana tena. Sasa naona yeye alikuwa na haki kuliko mimi, na sijui kama hilo linakusaidia.

Nimefundisha ramani miaka thelathini na nne. Watoto nilikuwa nikiwaambia, usitazame mstari mmoja, tazama nchi yote. Nami nilikuwa na nchi yote mezani nikaona mihuri.

Kama unataka nizichome kadi zote, nitazichoma leo. Kama unataka nisikuandikie tena, usijibu, nitaelewa. Naomba radhi.

Howard Pugh


Church Stretton,
14 Mei 2003

Bwana Pugh,

Usichome kitu.

Lilete gari Jumapili tarehe 8 Juni, saa nne, hapo nyumba ya wazee. Uje na kadi zote. Niandikishe kwenye bima yako, nitaendesha mimi. Leseni ninayo tangu 1959 na sijawahi kugonga kitu, lile geti liligongwa na Clifford. Gari lina viti viwili, kwa hiyo wewe utabaki pale na wazee mnywe chai. Watakuhoji kuhusu vita. Jibu chochote.

Usiniulize ninakwenda kufanya nini, maana sijui. Nimekwenda kwake kila siku saa tano kama kawaida, wiki zote hizi. Nimemlisha. Nimemfuta mdomo. Jana nilimwambia waziwazi, "Clifford, ninajua." Akasema, "Vizuri," akaomba maziwa.

M. Tranter

Mwambie Glenys hakukosea.


Leominster,
11 Juni 2003

Mpendwa Bibi Tranter,

Uliponirudishia funguo sikuthubutu kukuuliza. Nilimsaidia Bwana Tranter kushuka, alikuwa mchangamfu, alinishika mkono akaniambia gari linatembea kama saa. Nilimshukuru. Sikujua nimtazameje.

Nyumbani niliinua kiti nisafishe, nikakuta sandwichi zako tatu zimefungwa, hazijaguswa. Glenys hakuniruhusu nizitupe. Zimekaa kwenye friji na hakuna anayethubutu kuzila.

Sidai chochote. Ila usiku silali vizuri.

Howard


Church Stretton,
19 Juni 2003

Howard,

Zitupe. Nitakueleza mara moja tu, tusilirudie.

Ulimwona alivyokimbilia mlango wa dereva. Nikamzungusha nikamwambia, leo unakaa huku. Alikaa kwenye kile kiti bila ubishi. Nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo, na miwani nyeusi ya Glenys niliyoikuta garini, nadhani ndiyo sababu ya yote. Au labda hata bila hiyo.

Kadi nilikuwa nimeihifadhi kichwani, ile ya Novemba. Wiki tisa nimeisoma, nimesimama, nimekaa, hata bafuni. Kwa hiyo ramani sikuihitaji. Nataka ujue siku hiyo ya Novemba ni ipi. Nilikuwa nimepasuliwa hospitali ya Shrewsbury, wametoa kila kitu cha kuzalia, nikiwa na miaka thelathini na nne. Jumapili hiyo waliniruhusu kwenda nyumbani. Clifford alipiga simu wodini akasema ni rali ya mwisho ya mwaka, hawezi kumwangusha Audrey, alama zao ni nzuri. Nikamwambia nenda tu. Nilirudi na teksi, na njiani dereva alisimama mara mbili kwa sababu ya watoto waliokuwa wakisukuma sanamu lao la kuchoma kwenye mioto ya usiku wa tarehe tano, wakiomba sarafu. Nikawapa sarafu. Nilikuwa nimefurahi kwamba alama zao ni nzuri.

Basi tulipotoka Craven Arms nikaanza kuomba. Niliomba akosee. Mtu huyu hajui amekula nini asubuhi, hajui mwaka, majina ya ndugu zake yamemtoka. Nikasema, asahau kona moja tu. Moja tu inanitosha, nitageuza gari turudi, nitamwambia muuguzi upepo ulikuwa mkali, na maisha yataendelea.

"Daraja linakuja," akasema. "Kushoto, polepole, kuna changarawe."

Changarawe ilikuwepo.

"Lile kanisa. Saa yao haijatengenezwa bado? Kulia."

Hakukosea hata moja, Howard. Kona kumi na saba. Nyingine aliitaja kabla sijaiona. Alikuwa akinielekeza mimi, kwa sauti ya kijana, ameegemea mlango, nywele zake chache zinapeperuka. Injini inaimba chini yetu, pande zote mbili uzio wa miti umechanua maua meupe, nami nilikuwa naendesha vizuri, nakwambia, gia zinaingia kama siagi. Miaka minane niliota siku kama ile. Ilikuwa ileile niliyoiota, haikupungua kitu. Ndiyo maana siwezi kuisamehe.

Getini akasema, "Simama. Tumefika."

Hakuna kitu pale. Uwanja wa kondoo, kijito, na vilima vya Wales ng'ambo. Nilitandaza kitambaa kwenye mapaja yetu, nikampa sandwichi. Akainua kipande cha juu akatazama ndani, akaanza kucheka.

"Amekata kingo tena," akasema. "Masikini Muriel."

Nikauliza, "Anajua?"

"Muriel? Aa wapi! Yule mtajie rali tu, atakukatia sandwichi mpaka kesho kutwa."

"Sasa mbona humwachi?"

Akatafuna kwanza. Halafu akasema, "Nikimwacha, nani atatukatia sandwichi?" Akanitazama akingoja nicheke. Ulikuwa mzaha wao, nilitambua. Ulikuwa umeshasemwa mara nyingi, mahali pale pale, na ulikuwa na zamu ya mtu wa pili.

Nikacheka. Sijui kwa nini. Nilimlipia Audrey zamu yake.

Nikavua miwani, nikafungua kitambaa, nikamgeukia uso mzima. "Clifford," nikamwambia, "mimi ndiye Muriel."

Akaweka kidole midomoni mwangu. "Usilitaje jina hilo huku," akasema. "Tulikubaliana."

Kisha akanishika mkono. Alinishika vidole vyote, mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mali yake, akaanza kulia. Hajawahi kunilia mimi, hata siku ile ya hospitali. "Usiende huko, Audrey," akasema. "Ukienda nitaliuza. Naapa. Siwezi kumweka mtu mwingine kwenye hicho kiti."

Nilimwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe. Baadaye alitazama jua, akajipangusa, akasema turudi, maana Muriel atakuwa anangoja na chai mezani.

Nikamwambia, "Mwache angoje."

Tulikaa pale saa nzima zaidi. Mimi nilikuwa naangalia kondoo.

Siku hizi naenda Alhamisi tu. Yule muuguzi ameniuliza kama naumwa, nikamwambia nimechoka, na ni kweli. Sandwichi nampelekea, lakini kingo sikati. Anaziacha pembeni mwa sahani, nami naziona. Jumapili nakaa nyumbani. Nimekihamisha kile kiti cha dirishani, nimekipeleka stoo. Jumapili zote zile nilipita nyuma yake kwa vidole ili nisimsumbue katika kutoa kwake sadaka, na kumbe alikuwa anaangalia barabara tu, kama Audrey atarudi.

Hizi hapa kadi mbili alizonitumia Glenys. Ziweke na nyingine kwenye faili, zote kumi na nne, na ile ya mwisho uiweke upande wa nyuma uonekane, asomaye asome: "Cliff, miaka mitatu nimekuonyesha njia. Ya kwenda kwako kumwambia mkeo huitaki. Ndege yangu ni tarehe 20. A." Mwandiko mzuri, ulisema kweli.

Na ile karatasi yako ya maswali ninaomba uirekebishe. Zulia jeusi, redio hakuna, hayo yabaki. Futa nililokwambia uandike kwenye swali la saba. Sababu ya kuuza gari, andika: msoma ramani alihama.

Muriel Tranter